Kabla Hujauza Rola za Dredi, Seti Kichwa Kimoja Nyumbani

Somo la leo ni la sisi tunaouza vitu vya nywele mtandaoni. Ila hata kama wewe unauza sufuria au viatu vya mtumba, usipite, kuna kitu chako humu ndani.

Mwaka jana niliingiza rola zile laini, ndefu kama penseli, nje sponji, ndani waya, unazikunja unavyotaka. Nilizichukua Kariakoo kwa jumla, kila pakiti ina rola 10. Picha nikachukua ya mtu huko mtandaoni, dredi zimejikunja vizuri hatari. Nikaposti: "Seti dredi zako nyumbani, lala nazo, asubuhi umependeza. 4,000 tu." Oda zikaanza kuingia.

Sasa ukweli ni huu. Mimi nilikuwa sijawahi kuseti dredi hata moja. Sina dredi, kichwani kwangu ni twende kilioni mwaka mzima.

Dada mmoja akanunua pakiti 1 siku ya Ijumaa. Jumamosi ilikuwa sendofu ya mdogo wake. Jumamosi hiyo saa 4 asubuhi simu inaita. Dredi mbichi. Za nyuma zimenyooka kama hazijaguswa, za mbele zimepinda nchani tu kama mpini wa mwavuli. Nilijua atanitukana. Hakunitukana. Aliniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, hivi wewe hizi rola umeshawahi kuzitumia?"

Nilikosa la kusema. Hela yake 4,000 nilimrudishia siku ileile, lakini sendofu hairudishwi. Alienda na kilemba. Picha zote za mdogo wake, yeye yumo na kilemba.

Nilipotulia nikamuomba anielezee alifanyaje. Kumbe ana dredi zaidi ya 80. Nimemuuzia rola 10. Akaona isiwe tabu, kila rola akazungushia dredi nane nane. Alikuwa ameziosha saa 2 usiku, akazifunga zikiwa bado zinachuruzika, akalala. Nane zikibanana kwenye rola moja, zile za katikati hazipati hewa. Zitakauka saa ngapi? Yeye hana kosa. Mimi ndiye niliyesema "lala nazo, asubuhi umependeza".

NILIVYOJIFUNZA

Nikamkalisha mdogo wangu wa kike. Yeye ana dredi za miaka minne, tumezihesabu ni 84, zinafika mabegani, unene wa kidole kidogo. Nikamwambia leo wewe ni mteja wangu.

Jaribio la kwanza: tuliosha, tukakamua kwa taulo, tukafunga rola saa 12 jioni, dredi mbili kila rola. Asubuhi saa 1 kwa nje unaona zimekauka. Nikafungua moja, nikaibana kwa vidole katikati, bado ina ubaridi. Tukaziacha. Zilikuja kukauka kweli kweli saa 7 mchana. Hesabu hapo, ni saa 19. Huyo mtu wa sendofu angefika saa ngapi?

Jaribio la pili, wiki mbili baadaye: tuliosha siku moja kabla, tukaziacha zikauke kabisa. Kesho yake jioni hatukuosha tena. Tukachukua chupa ya kupulizia yenye maji, tukalowesha kidogo tu, zikawa na unyevu bila kudondosha tone. Tukafunga saa 12 jioni. Saa 2 asubuhi zimekauka mpaka ndani. Tulipofungua, yule mtoto alijiangalia kwenye kioo akacheka mwenyewe.

Tofauti ni hiyo tu. Nywele ikilowa inalegea, inakubali umbo unaloipa. Ikikauka ikiwa kwenye umbo hilo, inalishika. Ukiifungua bado mbichi inarudi ilikotoka. Na dredi sio kama nywele za kawaida, ni kama kamba nene, nje inaweza kukauka huku ndani ina maji. Kukauka kwa dredi kunapimwa kwa vidole, macho yanadanganya.

NAMNA YA KUSETI NYUMBANI

1. Osha siku moja kabla. Suuza vizuri shampuu yote itoke. Acha zikauke kabisa.

2. Siku ya kuseti, pulizia maji kidogo. Ukitaka zishike zaidi, paka jeli ya alovera, kiasi kidogo, ile nyepesi. Jeli nzito ikijaa ndani ya dredi inaacha uchafu mweupe ambao kuutoa ni kazi.

3. Gawa kichwa mafungu manne, anza nyuma. Chukua dredi moja au mbili, anzia nchani, izungushe kwenye rola kama unavyozungusha chapati, panda nayo mpaka karibu na kichwa, kunja ncha mbili za rola zijifunge. Ukitaka mikunjo midogo, tumia rola nyembamba na dredi moja moja. Ukitaka mawimbi makubwa, rola nene.

4. Usibane. Ngozi ya kichwa ikivuta au ukisikia maumivu, legeza. Nywele za mbele pale kwenye paji zikivutwa mara kwa mara zinakatika, na kurudi zinasumbua.

5. Acha zikauke. Usiku mzima kama umelowesha kidogo. Ukiwa na haraka nenda saluni ukae chini ya draya, moto wa wastani. Kipindi cha masika ongeza muda, hewa yenyewe imeloa.

6. Kabla ya kufungua zote, fungua moja ya nyuma, ile iliyokuwa imefichwa. Ibane. Ikiwa na ubaridi, funga tena, subiri.

7. Paka mafuta kidogo vidoleni, fungua kwa kuzungusha kurudi nyuma. Usivute rola kama unachomoa msumari.

Usiku vaa kofia ya satini. Mikunjo inakaa siku kadhaa, wengine inafika hata wiki mbili, inategemea nywele na jinsi unavyozitunza. Zikilowa tu, basi, zimerudi.

KAMA HANA HELA YA ROLA

Zipo njia mbili za bure, na mimi wateja wangu nawaambia bila kuficha.

Ya kwanza, chana kanga iliyochakaa vipande virefu vyembamba. Zungushia dredi kwenye kitambaa, funga fundo. Inafanya kazi ileile ya rola, na ukilala haikuumizi.

Ya pili, suka dredi tatu tatu kama mkia wa kawaida, ncha funga na uzi. Zikikauka ukifumua unapata mawimbi. Hayajikunji kama ya rola, ila yanapendeza.

Najua unawaza, "Sasa huyu anauza au anafukuza wateja?" Subiri.

MASWALI MANNE KABLA HUJAPOKEA HELA

Siku hizi mtu akija inboksi akiniuliza bei, namjibu bei, halafu namuuliza haya:

"Dredi zako ni ngapi?" Hapa ndipo nilipompoteza yule dada. Mwenye dredi 84, mbili kwa kila rola, anahitaji rola 42. Hiyo ni pakiti 5, shilingi 20,000. Sio 4,000.

"Ni za kwako au za bandia?" Za bandia zinasetiwa kwa maji ya moto. Nywele za mtu mwenyewe hazitaki maji yanayochemka, hayo ni kuungua tu. Hata kwa hizo za bandia, ni nchani tu, mbali na ngozi, na mtu wa pili awepo wa kushika taulo mgongoni. Ukiwapa watu hawa wawili maelezo mamoja, mmoja utamuunguza.

"Zina muda gani?" Kama ni dredi changa, miezi michache tu, namwambia dada subiri kwanza zishikane. Kuzilowesha na kuzizungusha kila mara kunazifumua. Oda hiyo naiacha iende.

"Shughuli ni lini?" Akisema kesho, namwambia ukweli: kama bado hujaosha, usioshe leo, pulizia maji tu. Kama umeshaosha, nenda kwenye draya.

Kwa wale wa 20,000, wengi hawana. Sasa hapo ndipo njia za bure zinaponisaidia. Namwambia chukua pakiti 2, rola 20, weka mbele na pembeni kunakoonekana, nyuma funga kanga au suka. Anatoa 8,000, anapendeza, anapiga picha. Mwezi ujao anarudi mwenyewe kuongeza pakiti nyingine. Zamani ningemuuzia moja ya 4,000, angeharibu, angeninunia, na ningemsikia kwa watu.

PICHA

Ile picha ya kuiba nilishaifuta. Sasa naposti kichwa cha mdogo wangu, kwa ruhusa yake, picha tatu: akiwa na rola, zikiwa zimefunguliwa, na siku ya tano zikiwa zimelegea kidogo. Ndiyo, naweka hata ya siku ya tano. Chini naandika: dredi 84, rola 42, zililoweshwa kidogo, saa 14. Mteja anajua anachonunua. Maswali yamepungua na wa kurudishiwa hela sijampata tena.

Na kabla sijatuma mzigo, napitisha kidole kwenye ncha za kila rola. Waya ukiwa umetoboa sponji, hiyo rola naitoa. Itamchuna mtu kichwani usiku.

LA KUONDOKA NALO

Ndugu yangu, kitu unachouza kitumie kwanza wewe, au mtu wa nyumbani kwako, kwa muda uleule na mazingira yaleyale ya mteja. Unauza sufuria? Pika wali ndani yake. Unauza viatu? Tembea navyo mpaka stendi na kurudi. Utajua cha kumwambia mteja, utajua cha kumuuliza, na utajua ni nani hutakiwi kumuuzia.

Yule dada wa sendofu bado ninayo namba yake. Baada ya jaribio la pili nilimtumia pakiti 5 bila malipo na maelezo niliyoandika hapo juu. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akaniletea picha, mikunjo kichwa kizima, na maneno mawili tu: "Sasa sawa."

Haya, kazi kwenu. Leo usiku chukua bidhaa moja ambayo unaiuza na hujawahi kuitumia, uitumie. Kesho njoo uandike hapa chini umegundua nini. Na kama una rafiki anauza vitu vya nywele, mtumie hii kabla hajapigiwa simu Jumamosi saa 4 asubuhi.