Beba Hema, Panda Basi la Ifakara

Mdogo wangu wa Mbagala, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Una watoto watatu, mumeo fundi aluminiamu, wewe una genge la mboga. Binti yako wa darasa la tano ameambiwa aandike insha kuhusu hifadhi aliyowahi kuitembelea, akarudi nyumbani na daftari jeupe: "Mama, mimi niandike nini?" Unataka kujua kama ipo safari ya watu wa kipato chenu, au utalii ni wa wenye magari makubwa peke yao. Nakujibu hapa ili na wenzako wasikie, maana swali la mtoto huyo limenikaa rohoni.

Safari ipo, na mwishoni mwa Juni ijayo mnaweza kuifanya. Ila usianze kuhesabu fedha kabla hujachagua mahali. Katika hifadhi zetu nyingi kinachokausha mfuko wa Mtanzania ni gari. Ukiingia mbuga ya simba hushuki ovyo, kwa hiyo unalipia gari la siku nzima, mafuta yake, dereva wake na kiingilio chake. Tafuteni hifadhi ambayo miguu yenu ndiyo gari. Mimi ningewapeleka Milima ya Udzungwa.

Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na hutembelewa kwa miguu. Ofisi zake zipo Mang'ula, kando ya barabara ya kwenda Ifakara, kwa hiyo basi linawashusha jirani kabisa na lango. Humo mna maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170. Mna pia nyani wa aina ya pekee ambaye wenyeji humwita ng'olaga. Wataalamu wa wanyama walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa watu wa vijiji vile walikuwa wakimjua tangu zamani, na haishi kokote duniani isipokuwa katika milima hiyo. Binti yako akimwona huyo, daftari litajaa.

Najua mumeo atasema kulala kwenye hema ni mambo ya Wazungu. Mkumbushe kwa upole. Wavuvi wa pwani hupiga dago, wakaishi ufukweni siku nyingi na sufuria zao na mikeka yao. Wakulima wa mpunga hulala dunguni kulinda shamba lisiliwe na nguruwe na ndege. Bibi zetu walipika chini ya mti na watoto wakasinzia mgongoni. Kupiga kambi tunakujua. Tofauti ni kwamba safari hii tunakwenda kupumzika na kutazama.

Sasa fedha. Weka shilingi 20,000 kila wiki kuanzia Januari. Hadi mwisho wa Juni, wiki 26, utakuwa na 520,000. Wiki ya msiba au ya ada ikikushinda, usikate tamaa ukavunja kibubu. Ruka, wiki inayofuata uendelee. Zigawe mapema katika bahasha nne: nauli, kiingilio na mwongozaji, chakula, na dharura. Bahasha ya dharura haiguswi kwa soda wala kwa zawadi. Ikirudi nyumbani imejaa, ndiyo mwanzo wa safari ya mwakani.

Nauli utaijua kwa hakika kwa kuuliza nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, halafu ukanunue tiketi ofisini kwenye stendi ya Magufuli, Mbezi, siku moja au mbili kabla. Nimewahi kumpa fedha kijana wa nje ya ofisi kwa kuamini maneno yake matamu. Tukajikuta watu watano kwenye viti vitatu kutoka Dar hadi Morogoro. Dai tiketi yenye majina na namba za viti. Reli ya TAZARA nayo hupita Mang'ula, na ni safari nzuri kweli, lakini kwa mwenye watoto wadogo basi lina uhakika zaidi wa saa.

Kiingilio cha hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa ng'ambo. Mtoto wa chini ya miaka mitano hupita bure, na mwanafunzi mdogo hulipa pungufu ya mtu mzima. Beba vitambulisho vyenu vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, usije ukabishana getini kuhusu umri. Piga simu kabla ya kuondoka, uulize mambo matatu: kiingilio, tozo ya kambi, na malipo ya mwongozaji. Uliza pia kama bei uliyotajiwa imejumuisha VAT, maana kodi hiyo ikikushtukiza mlangoni inakula chakula cha jioni. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, kupitia simu au benki, kwa hiyo fedha ya bahasha ya kiingilio ihamie kwenye simu mapema.

Na hapa ndipo pana siri ya kubana matumizi: kiingilio huhesabiwa kwa saa 24. Ukifika Mang'ula jioni ukaingia hifadhini saa hiyohiyo, umenunua giza. Laleni gesti ya kijijini usiku wa kwanza, ogeni, kuleni wali. Asubuhi saa mbili ingieni, tembeeni, laleni kwenye hema usiku mmoja, halafu mtoke asubuhi ya pili kabla ya saa mbili. Mmelipia siku moja, mmepata mchana wote na usiku wote wa msituni.

Hema msinunue. Azimeni kwa mtu wa skauti, kanisani, au kwa jirani anayekwenda kambi za vijana. Lakini lisimamisheni kwanza uani kwenu, watoto walale humo usiku mmoja. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Nilifungua mfuko kambini saa kumi na mbili jioni nikakuta vyuma viwili havipo, na mvua ikaanza. Mwanangu mdogo alilia hadi akalala, nami nikamshikilia turubai kichwani hadi alfajiri. Usiku ule ndio ulionifundisha kwamba kila kitu cha safari hujaribiwa nyumbani: zipu ya hema, tochi, hata viatu vya watoto. Viatu vipya vya Juni hutoa malengelenge. Mvishe mtoto raba alizozizoea.

Pamoja na hema beba turubai, mikeka miwili, shuka zito kwa kila mtu, chandarua, dumu la maji na sufuria mbili. Bonde la Kilombero lina mbu, usije bila chandarua. Na usiwaze kuokota kuni hifadhini. Tangu mwaka 2011 hata majirani wa hifadhi waliokuwa wakiruhusiwa kuokota kuni kavu wamezuiwa, wakalazimika kupanda miti yao. Mgeni wa siku moja asichukue alichonyimwa mwenye kijiji. Ulizeni getini jiko gani linaruhusiwa, au pikeni viazi, mayai na chapati kijijini asubuhi, mwingie na chakula kilichoiva. Ndizi na machungwa nunueni sokoni Mang'ula, hela ibaki kwa mama mwenzako mwenye genge. Chakula kikae ndani ya mfuko uliofungwa. Nyani wa kambini wana mikono myepesi.

Sasa sikiliza kuhusu njia, kwa sababu vivutio vya bure vinaanzia garini. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita takribani 50, na kwa msafiri wa basi kutazama dirishani hakulipiwi. Waamshe watoto mkishaiacha Morogoro. Wape mchezo: wa kwanza kuona twiga apewe karanga, wa kwanza kuona tembo achague wimbo. Swala na pundamilia mtawaona mkiwa mmekaa. Wafundishe pia kutotupa hata ganda la ndizi dirishani, kwa sababu nyani anayezoea kuokota barabarani hugongwa na magari.

Mkikata kona mjini Mikumi kuelekea kusini, mtafika Kidatu. Waonyeshe mto Ruaha Mkuu, uwaambie kwamba maji haya huzalisha umeme tangu miaka ya 1970. Baada ya hapo mashamba ya miwa yanatanda kulia na kushoto. Mtoto anayekoroga sukari kila asubuhi aione imesimama shambani. Hilo ni somo la jiografia ambalo mwalimu hawezi kulileta darasani.

Hifadhini msijilazimishe. Mzunguko wa Sanje huchukua karibu saa nne na una mpando wa kweli. Unawafaa walio na miaka minane na kuendelea. Kwa mdogo wenu wa mwisho kuna njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na ofisi. Mwambieni mwongozaji umri wa watoto kabla ya kuchagua, na mwacheni aongoze. Waongozaji hawa wanajua mti upi ni dawa na mbega mwekundu yuko tawi lipi. Muulizeni maswali, mmemlipa, na elimu yake ndiyo sehemu kubwa ya kiingilio chenu. Penye maji, mkono wa mtoto uwe ndani ya mkono wa mtu mzima. Mawe ya maporomoko huteleza hata kiangazi.

Siku ya kurudi, kama bahasha ya chakula imebaki na kitu, nunueni mchele wa Kilombero. Utakula wiki nzima nyumbani ukikumbuka ulipotoka.

Mdogo wangu, najua sauti inayokuambia kwamba 520,000 ingeezeka choo au ingeongeza mtaji wa genge. Kama paa linavuja, ezeka kwanza, sitakudanganya. Lakini kama nyumba imetulia, usiione safari hii kuwa ufujaji. Watoto wetu huimba kila siku kwamba nchi yao ni nzuri, na wengi wao hawajaiona zaidi ya kituo cha daladala. Nchi hii ni yao kabla haijawa ya mgeni yeyote.

Leo jioni mpe binti yako kopo tupu la maziwa. Atoboe tundu kwenye mfuniko, aandike kwa kalamu yake neno moja: SANJE. Shilingi ya kwanza mtumbukize pamoja. Na insha akiimaliza, niandikie tena, nataka kuisoma.