Programu ya duka ifunguke yenyewe

Swali: Nina duka la dawa Loresho. Stima ikipotea na kurudi, mhudumu husahau kufungua programu ya mauzo. Naweza kuifanya ifunguke yenyewe kwenye Windows?

Jibu: Unaweza, tena bila fundi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, kisha Enter. Kwenye folda itakayofunguka, bandika njia ya mkato ya programu, si programu yenyewe. Itafunguka mhudumu akishaingia kwa akaunti uliyotumia kuibandika. Neno la siri usiliondoe, hata akilalamika. Kompyuta yenyewe kuwaka stima ikirudi ni jambo jingine, hupangwa kwenye BIOS. Na usiijaze folda hiyo: mashine ya RAM ya GB 4 itajikokota asubuhi nzima.