Mbwa Akitokwa Machozi, Tazama Macho Yote Mawili

Mwezi huu wa Julai kiangazi kimekolea. Mpunga wa Magu na Misungwi umeshavunwa, pamba inapelekwa kwenye chama cha ushirika, AMCOS, na mbwa wa kulinda zizi anashinda kwenye vumbi na mabua makavu. Akitokwa machozi tunasema ni vumbi, tunamwacha. Nawasihi wakulima wenzangu, msimwache. Mkalisheni kwenye mwanga, mtazame macho yote mawili.

Likiugua jicho moja tu, jekundu, limefumba, naye analisugua kwa mguu, mara nyingi kuna kitu kimeingia au kimelikwaruza: kapi la mpunga, mbegu ya nyasi, kucha ya paka. Chemsha nusu lita ya maji pamoja na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, yapoe, kisha mfunge mdomo kwa kitambaa, maana hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu. Safisha kwa kumwagia taratibu. Kitu kilichochoma ndani ya jicho usikichomoe, mwachie daktari. Akitemewa mate na swila, usingoje kuchemsha chochote: mwagia maji safi mengi kwa robo saa nzima, kisha mpeleke kwa mtaalamu. Na kama anatoka udenda, sauti imebadilika au anauma ovyo, usimguse kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa.

Usimpake dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Ikiwa na deksamethasoni au haidrokotisoni na jicho lina kidonda, kidonda hakiponi, na jicho laweza kutoboka.

Macho yote mawili yakiugua pamoja, tafuta ugonjwa mwilini. Mtoto wa mbwa mwenye tongotongo nzito, makamasi na kikohozi huenda ana distempa, ambayo chanjo yake ipo. Ninayoihofia zaidi kwetu huku ni ndorobo. Macho huingia ukungu wa bluu kama maziwa yaliyochujwa, mbwa ana homa, anakonda, fizi zinapauka, pengine uso unavimba. Hapo jiulize alikuwa wapi. Kiangazi ng'ombe hufuata malisho mbali, hadi mapori ya Biharamulo na pembezoni mwa Serengeti, na mbwa huwafuata. Huko wako mbung'o, wanaoeneza ndorobo. Wengi tunaijua ndorobo kwa ng'ombe, lakini mbwa huweza kufa kwayo ndani ya wiki chache.

Wafugaji wengine huchukua sindano ya diminazini, dawa ya ndorobo, iliyobaki ya ng'ombe wakamchoma mbwa kwa kukadiria. Ni hatari: ikizidi kidogo tu huharibu ubongo wake. Tena ukichoma kabla ya kupima, vimelea hupungua kwenye damu na maabara haioni kitu. Mwite afisa mifugo wa kata achukue damu kwanza. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo chake hapa Mwanza.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Malale yaliripotiwa Maswa mwaka 1922, na aina moja ya vimelea vinavyomshika mbwa ndiyo inayomletea binadamu malale. Basi kijana aliyekuwa machungani na mbwa huyo akipata homa na kichwa kumuuma, naye kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, amwambie mganga wa zahanati waziwazi kwamba ametoka kwenye pori la mbung'o, ili damu yake ipimwe malale.