Teleka wa London

Kwetu mwezi wa Mei jua hutua nanyi mwajitayarisha kwa masomo ya usiku. London halitui mpaka karibu saa tatu, na jioni hiyo ndefu yafaa sana kutazama ndege.

Nilisimama njiani kando ya bwawa la Woodberry, lililojengwa mwaka 1833 ili kuwekea maji ya mji. Watu wote walifunguliwa mwaka 2016 tu. Ng'ambo ni majumba marefu, ukingoni matete. Juu ya maji walipita ndege weusi kwa kasi, wakinasa wadudu.

"Mbayuwayu!" akasema mwenzangu. Sivyo. Mbayuwayu ana tumbo jeupe, naye hupumzika juu ya nyaya za simu. Hawa ni teleka: waonekana weusi mwili mzima, mabawa yamepinda kama mundu, wala hawatui wayani kamwe. Teleka asiye na kiota aweza kukaa angani miezi kumi, akila na kulala huko huko! Ulaya kukiwa baridi yuko kwetu Afrika, hasa juu ya misitu ya Kongo.

Akirudi hutafuta tundu lake lile lile chini ya paa. Lakini watu wakitengeneza mapaa huyaziba matundu, na tangu 2021 teleka yumo katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza. Waashi wengine sasa hutia ukutani matofali yenye tundu. Kazi ndogo, yenye faida.

Nilihesabu kumi na mmoja. Mmoja alizunguka mara nne mbele ya paa jipya, kisha akapanda juu, nami sikumwona tena.