Kumtetea Aliyefungwa kwa Kubadili Dini

Zipo nchi ambako mtu akiiacha dini aliyozaliwa nayo anaweza kukamatwa, kushtakiwa, hata kuhukumiwa kifo. Kijitabu hiki ni cha yeyote anayetaka kumsaidia mtu wa namna hiyo, awe wa dini yake au la.

Kisa cha Khartoum

Mei 15, 2014, mahakama mjini Khartoum ilimhukumu Meriam Ibrahim, daktari mwenye mimba kubwa, kunyongwa kwa kosa la kuritadi, yaani kuuacha Uislamu. Alikuwa amepewa siku tatu aukane Ukristo, akakataa. Mwenyewe alieleza kwamba hakuwahi kuwa Muislamu: baba yake aliondoka yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama Mkristo. Mahakama ikasema mtoto hufuata dini ya baba. Kwa hesabu hiyo ndoa yake na Mkristo nayo haikutambuliwa, akaongezewa viboko 100 kwa zinaa. Siku 12 baadaye alijifungua mtoto wa kike katika gereza la Omdurman, minyororo ikiwa miguuni. Mwanawe wa kwanza, mvulana mdogo sana, alikuwa akiishi naye humo humo.

Juni 23 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu. Kesho yake alizuiwa uwanja wa ndege, akapata hifadhi katika ubalozi wa Marekani, na Julai 24 akatua Roma.

Wengi wakisimulia kisa hiki hutaja serikali za nje na kelele za dunia. Kelele hizo zilisaidia. Lakini sisi tunawataja kwanza mawakili Wasudani waliosimama kortini huku wakitishiwa maisha. Hoja yao waliichota nyumbani: katiba ya Sudan ya 2005, ibara ya 38, iliyolinda uhuru wa imani. Kifungu cha 126 cha sheria ya jinai ya 1991, kilichompeleka Meriam kwenye hukumu ya kifo, kilikuja kufutwa Julai 2020.

Soma hati ya mashtaka

Mara nyingi neno “kuritadi” halimo kabisa. Nchini Iran, mchungaji Youcef Nadarkhani, aliyeingia Ukristo ujanani, alihukumiwa kifo kwa kuritadi mwaka 2010, ingawa sheria ya jinai ya nchi hiyo haikulitaja kosa hilo. Majaji waliegemea fatwa. Mwaka 2012 alifutiwa shtaka hilo, akaachiwa. Mwaka 2017 alihukumiwa tena, miaka 10, safari hii kwa kuhatarisha usalama wa taifa. Anayemtetea mtu kama huyu akilalamikia kuritadi pekee, serikali itajibu kwa urahisi kwamba mfungwa ni mhalifu wa kawaida.

Kabla hujaandika chochote

Tafuta kauli ya familia au wakili. Kuna mfungwa anayelindwa na jina lake kutangazwa, na kuna ambaye likitangazwa, ndugu zake ndio watakaogongewa mlango usiku. Uamuzi huo si wako. Usisambaze picha yake, jina la kanisa au msikiti wake, wala majina ya waliomfundisha dini, kabla ya kuruhusiwa.

Barua kwa waziri wa sheria au balozi iwe fupi na ya heshima: jina, tarehe ya kukamatwa, shtaka, na unachoomba. Taja mkataba ambao nchi yenyewe imeuridhia. Sudan iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1986, Iran mwaka 1975, na ibara ya 18 ya mkataba huo inakataza kumshurutisha mtu katika imani. Ukiwa Tanzania, una nguvu ya kusema kwamba ibara ya 19 ya katiba yako inataja waziwazi uhuru wa kubadili dini. Usiitukane dini ya nchi unayoiandikia. Tusi hilo humwangukia aliye ndani, na huwavunja moyo waumini wa dini hiyo ambao wangemtetea.

Malalamiko yanaweza pia kupelekwa kwa Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Kuwekwa Kizuizini Kiholela. Familia au shirika linaweza kuandika kwa niaba ya mfungwa.

Akiachiwa, usifunge jalada. Nadarkhani alirudishwa korokoroni zaidi ya mara moja. Kwa miezi ya mwanzo endelea kuwasiliana na wakili, na uulize kama amerudishiwa pasipoti, kama amepata kazi, na kama watoto wake wanaenda shule.