SOMO LA URAIA: Tribinali juu ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam



Wanafunzi wa mwaka wa nne walituuliza sisi makapita swali hili: « Mtu mwenye kuua batu mia mbili, juu ya nini apewe avoka? Kisha bote banajua ni yeye. » Swali ni zuri, na wenye kuliuliza si wajinga. Tumeona afazali kulijibu kwa habari moja ya kweli, iliyotokea kwa majirani wetu mbele sisi tuzaliwe.

Ilikuwa Ijumaa tarehe 7 agosti 1998, asubuhi, saa ine na nusu ilikuwa imekwisha kupita. Katikati ya mji wa Nairobi, pahali barabara ya Moi inapokutana na ile ya Haile Selassie, kamio iliyobeba baruti ilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani. Walinzi walikataa kufungua. Mtu mmoja akashuka katika kamio akawatupia grenadi. Watu wa majumba ya karibu walisikia mlio, wakakimbilia madirisha kutazama kuko nini. Ndipo kamio yenyewe ikapasuka. Hiyo ndiyo sababu wengi walipoteza macho: walikuwa wamesimama mbele ya vioo. Nyumba ya Ufundi, iliyokuwa na shule ya makarani ndani yake, ilianguka yote. Dakika chache tu kisha, kamio ya pili ilipasuka mbele ya ubalozi wa Marekani kule Dar es Salaam. Huko gari la kuleta maji lilikuwa katikati, likapunguza nguvu ya bomu.

Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Waliojeruhiwa walipita 4.000. Katika wafu wote, Wamarekani walikuwa 12. Wengine karibu wote ni Waafrika waliokuwa kazini kwao ama wakipita njiani. Kundi lililofanya kazi hiyo ni al-Qaida ya Osama bin Laden.

Sasa angalieni vizuri, maana Marekani ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya haraka. Siku 13 kisha mabomu, tarehe 20 agosti, ilituma makombora Afghanistan na Sudan. Kule Khartoum kiwanda cha dawa kilibomolewa. Wakubwa wa Marekani walisema kiwanda kile kilikuwa na kazi ya kutengeneza sumu ya vita. Watu wengi wakabisha, na wanabisha hata leo. Hakuna juji aliyepima neno hilo mbele ya kombora kuondoka.

Njia ya pili ilikuwa ya polepole, na ndiyo somo letu. Polisi wa Kenya, wa Tanzania na wa Marekani walianza kuokota vipande vya chuma barabarani. Yule mwenye kutupa grenadi, Mohamed al-Owhali, alikuwa amekimbia na vidonda mpaka hospitali. Huko alificha risasi na funguo. Zikaonekana, na funguo zile zilikuwa za kufuli ya lile kamio. Mwingine, Mohamed Odeh, alikamatwa siku ile ile ya mabomu kule Karachi, na pasipoti isiyo yake. Hivi ndivyo ushahidi unavyojengwa: kitu kimoja, kisha kingine, si makelele ya watu.

Watu wane walipelekwa tribinali ya New York mwanzo wa 2001. Mmoja wao, Khalfan Khamis Mohamed wa Tanzania, alikuwa amekamatwa Cape Town mwaka 1999, na Afrika ya Kusini ikamtoa mbio mbio kwa Wamarekani. Avoka wake walishtaki. Tarehe 28 mei 2001, tribinali kubwa ya katiba ya Afrika ya Kusini ikaamua kwamba serikali yao wenyewe ilivunja sheria: ilimtoa mtu pahali anapoweza kuuawa, bila kuomba kwanza ahadi kwamba hatauawa. Wakaagiza hukumu hiyo itumwe New York. Sisi tunaona jambo hili ni kubwa sana. Nchi ambayo mambo ya kunyonga watu iliyajua vizuri wakati wa apartheid ilisimama kumtetea mtu ambaye hakuna aliyempenda.

Kesho yake, tarehe 29 mei, wote wane walionekana na hatia. Lakini wale raia 12 wa kuamua hawakupatana juu ya kifo cha al-Owhali wala cha Khalfan. Wote wane wakapewa kifungo cha maisha, tarehe 18 oktoba 2001. Hesabuni: ni wiki tano tu kisha yale ya 11 septemba, katika mji ule ule, karibu na pahali majumba yale mawili yalipoanguka. Hasira ilikuwa kali, lakini hukumu haikugeuzwa.

Tufike kwa Ahmed Ghailani, Mtanzania, maana hapa ndipo swali la mwaka wa nne linauma. Alishtakiwa kwamba alisaidia kununua kamio ya Dar es Salaam na mitungi ya gazi. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha Guantánamo, na mwaka 2009 akaletwa New York. Kulikuwa na shahidi mmoja mkubwa, mtu wa kusema: mimi nilimuuzia baruti. Juji Lewis Kaplan akakataa asikiwe. Juu ya nini? Juu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumtesa Ghailani. Kaplan aliona kwamba katiba haifuatwi siku za amani peke yake.

Mwezi wa novemba 2010, katika mashtaka 285, Ghailani aliponyoka kwa 284. Lile moja lililobaki, la kupatana na wengine kuharibu majumba ya serikali, lilitosha kumpa kifungo cha maisha mwezi wa januari 2011. Wengi Marekani walikasirika, na Bunge lao likakataza wafungwa wa Guantánamo kuletwa tena katika tribinali za namna hiyo. Lakini tuulize: nani aliharibu ushahidi ule? Si juji. Ni wale waliotesa. Mateso yanafanya mtu aseme lolote, na hata akisema kweli, kweli ile inatoka imechafuka.

Sisi makapita tunajua jambo hili kwa kadiri yetu. Kitu kikiibwa bwenini, saa moja haipiti jina linakwisha kutajwa, na mara nyingi ni jina la mgeni ama la yule asiye na rafiki.

Mambo hayakuishia hapo. Wengine walihukumiwa mpaka 2015. Mmoja, Abu Anas al-Liby, alikufa mwaka ule kabla ya kusikilizwa. Kukabaki neno la feza. Sudan, iliyokuwa imempokea bin Laden mbele ya 1996, ilishtakiwa. Mwaka 2020 ikapatana na Marekani kulipa dola milioni 335. Feza hizo zilikuwa hasa za Wamarekani na wafanyakazi wa balozi na jamaa zao. Mama wa Nairobi aliyekuwa akipita tu njiani akapofuka macho, yeye hakuwekwa katika hesabu.

Na sisi? Tarehe 2 agosti 1998, siku tano mbele ya mabomu yale, vita vya pili vilianza hapa kwetu Kivu. Umoja wa Mataifa uliandika mwaka 2010 ripoti yenye mambo 617 ya kutisha yaliyotendeka Congo kati ya 1993 na 2003. Tribinali ya La Haye haiwezi kugusa yaliyotendeka mbele ya julai 2002. Basi wafu wa Nairobi walipata miaka zaidi ya ishirini ya majuji, na wengi wa wetu hawajapata hata siku moja. Tunapochoka na tribinali ya polepole, tukumbuke kwamba kuna pahali haijafika kabisa.

Ijumaa, kisha masomo ya mchana, tutakutana katika darasa la sita. Mwalimu wa historia amekubali kuwa pamoja nasi. Kila mtu aje na jibu lake: kama ni wewe ungekuwa juji Kaplan, shahidi yule ungemwacha aingie? Asije na « ndiyo » ama « hapana » peke yake. Alete sababu, na awe tayari kuisema mbele ya mtu aliyepoteza mzazi wake Nairobi.