Dondoo muhimu: Kutoa na kusafisha injini ya dizeli iliyochakaa

Injini kama 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2 na silinda 6, hudumu miaka mingi ikitunzwa. Ukilifufua gari, zingatia haya:

• Kagua kabla ya kuosha. Uchafu mzito wenye unyevu huonyesha panapovuja: kava ya valvu, sili ya oili au pampu ya dizeli. Piga picha na uweke alama.

• Anza na betri. Fungua waya wa hasi kwanza. Mwaga maji ya rejeta na oili kwenye ndoo, kamwe si ardhini.

• Ziba kila tundu. Ukifungua paipu za nozeli, funika ncha zake papo hapo kwa vifuniko safi. Chembe ya mchanga inatosha kuharibu pampu.

• Nyanyua kwa usalama. Tumia chenibloku ya tani 1 au zaidi, na ufunge mnyororo kwenye masikio ya injini. Mtu asipite chini yake.

• Osha ikiwa baridi. Paka mafuta ya taa au dawa ya kuondoa grisi, subiri dakika 15, kisha sugua kwa brashi na kikwanguo cha mbao. Petroli usiiguse: hulipuka upesi.

• Punguza presha ya maji. Usielekeze kwenye starta, alteneta, sili wala pampu. Kausha kwa upepo wa kompresa.

Usibadilishe sili wala gasketi kabla injini haijawa safi kabisa. Uchafu ukiingia ndani, kazi yote itarudiwa.